Kesi ya Gari la Pedali Mbili

Siku gari jipya la Marenzi lilipozinduliwa huko Ulaya, wanaume wa Klabu ya Vumbi ya Nakuru walikasirika kama watu walionyang'anywa shamba la urithi. Si kwamba kuna hata mmoja wao aliyewahi kuigusa Marenzi. Walikuwa wakiiona kwenye simu tu, tena siku ambazo bando lipo. Lakini mapenzi hayadai risiti. Mzee Mathenge, mwenyekiti wao, mwenye duka la saruji na misumari, alikuwa amepaka pikapu yake rangi ya chungwa ileile ya Marenzi, mpaka wateja wakamwita Mzee Machungwa naye akaitika. Lewis, mwalimu wa hisabati na bingwa wa klabu, alikuwa amebandika picha ya Marenzi ndani ya kabati lake la ofisini, pale ambapo walimu wenzake wamebandika watoto wao.

Sasa hebu tazama walichofanyiwa. Gari lilitoka limevuliwa kila kitu: halina zulia, halina redio, viti vigumu kama benchi la kanisa, na nyuma limewekwa bawa ambalo mama wa nyumbani angeweza kupigia nguo pasi juu yake. Injini iko palepale pa zamani, katikati, mgongoni mwa dereva. Ni gari la kukimbizwa uwanjani, wala si la kwendea sokoni. Mpaka hapo wanaume walikuwa wakituma mioyo na moto kwenye kundi la WhatsApp. Kisha kamera ikateremka chini ya usukani, na pedali zikaonekana mbili. Ya mafuta na ya breki. Klachi, ile ya mguu wa kushoto, haikuwepo. Gari lilikuwa otomatiki, na kampuni ilisema halitatengenezwa kwa namna nyingine yoyote.

Alhamisi hiyo Chepkosgei, mwanachama wao, alikuwa dukani kwake Bondeni, anakouza taa na vioo vya pembeni vya magari, akila githeri ya saa saba. Simu ilitetemeka mpaka ikasogea yenyewe mezani.

"Wametuuza!" mmoja alipiga kelele kwenye ujumbe wa sauti. "Hiyo si gari, hiyo ni PlayStation iko na magurudumu!"

"Jameni, mimi nasema hivi," akaja Mzee Mathenge, akihema kama aliyepanda mlima. "Kama haina clutch, hiyo ni lift ya hoteli. Unabonyeza, inakupeleka. Hiyo ni aibu. Mimi hata pikapu nitapaka rangi ingine."

Chepkosgei alicheka peke yake. Hasira za wanaume juu ya kitu wasichoweza kununua zilikuwa zimemfurahisha siku zote. Akabonyeza ujumbe uliofuata, ambao ulikuwa wa Lewis.

"Mnajua hiyo wametengenezea nani? Hiyo ni gari ya viwete! Mtu hana mguu wa kushoto, huyo ndio anataka hiyo kitu. Sasa mimi mwanaume mzima, huu mguu mwingine nitafanyia nini? Niubebe kwa boot?"

Kijiko kilisimama njiani. Aliusikiliza ujumbe tena, kwa maana kuna maneno ambayo sikio hukataa kuyapokea mara ya kwanza. Alipotaka kuusikiliza mara ya tatu, ulikuwa umefutwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya muda Mzee Mathenge akatuma mstari wa Biblia wa siku, kuhusu subira.

Jioni Lewis alimwandikia pembeni. "Chep, ile kitu haikuwa yako. Unajua vile mimi huongea. Wewe ni wetu bana."

Aliigeuza simu kifudifudi. Neno kiwete lilimchoma, ndiyo, lakini hilo la "wewe ni wetu" lilimkasirisha zaidi. Ng'ombe ni wetu. Shamba ni letu. Tangu lini yeye akawa mali ya Lewis?

Inafaa ijulikane Chepkosgei ni nani. Alizaliwa Olenguruone, kule juu Mau, ambako mvua ikinyesha barabara hugeuka uji. Alijifunza udereva akiteremsha viazi vya baba yake kwa pikapu kuukuu, na mtu aliyefundishwa na tope la Olenguruone hawezi kutishwa na vumbi la Njoro. Kila mwaka ngano ikishavunwa, klabu hukodi shamba huko Njoro, huchora njia kwa matairi yaliyochakaa, na magari hukimbia moja moja kushindana na saa. Alipojiunga na klabu, wanaume walimcheka msimu mmoja. Msimu wa pili hawakucheka. Alichukua kikombe mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka Lewis akawa wa pili, akipiga makofi kwa adabu huku meno yameumana.

Kisha asubuhi moja lori lililokatika breki likamkuta kwenye mteremko na viazi vyake, na hospitalini wakamkata mguu wa kushoto, juu ya goti. Hujafa hujaumbika. Klabu ilimfanyia harambee, tena kubwa, na hilo hakulisahau. Alipopona wakampa kiti, mwavuli na saa ya kupimia muda. "Kazi ya kukaa," Mzee Mathenge alimwambia, kwa upole wa kweli, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kukaa. Tangu hapo bingwa ni Lewis. Paka akiondoka, panya hutawala, na huyu panya alikuwa na bahati kwamba paka mwenyewe ndiye aliyempimia muda.

Mguu wa bandia unatembea vizuri, lakini hauhisi pale klachi inaposhikia. Chepkosgei alijaribu, akashindwa, akajaribu tena, akazima injini katikati ya mzunguko wa barabara mjini huku matatu zikimpigia honi kama amewaua mama zao. Ndipo Kibii, binamu yake ambaye ni fundi wa magari, akamletea habari ya Estima, basi dogo la Kijapani.

Ilikuwa Estima ile ya zamani yenye umbo la yai, ya kwaya ya kanisa moja huko kwao Olenguruone, jina la kwaya bado limeandikwa ubavuni. Ilikuwa imeegeshwa nyuma ya kanisa, na kuku walikuwa wameshaipanga kama nyumba. Estima ya aina hiyo injini yake imelazwa chini ya viti vya mbele, na ukitaka kuiona unainua kiti. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba kila safari makalio yake yalipata moto kabla ya roho yake.

"Chep, hii ni mid-engine," Kibii alisema, amelala chini yake, macho yakimng'aa. "Kama ile Marenzi yao. Uzito uko katikati. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Na ni auto."

Waliitoa viti vyote isipokuwa cha dereva. Wakaipa breki mpya na matairi ya tope. Hawakumwambia mtu. Jumamosi moja, kabla ya habari za Marenzi, wakaipeleka Njoro kwenye shamba lenyewe, ng'ombe wakiwa ndio watazamaji pekee, na Chepkosgei akaikimbiza katika ile njia ya kila mwaka. Mkia uliteleza pale alipotaka uteleze. Mguu wake wa kulia ulikumbuka kila kitu. Aliposhuka mashavu yalikuwa yamelowa, akamwambia Kibii ni vumbi, na Kibii akawa na heshima ya kukubali kwamba ni vumbi.

Tangu hapo alikuwa akingoja mkutano wa Jumapili, siku ya kuandikisha majina ya watakaokimbia mwaka huu. Angesimama, aseme jina lake na gari lake, basi. Sasa Jumapili hiyohiyo wanaume wakaamua kuifanyia Marenzi kesi.

Kesi ni desturi ya Klabu ya Vumbi. Gari jipya linalozungumzwa likitoka, wanakutana baada ya kanisa kwenye banda la bucha ya Gathogo huko Kiamunyi, wanabandika picha ya gari kwenye kiti cha plastiki, na kulishtaki kama binadamu. Hakimu ni Mzee Mathenge. Lazima pawe na mwendesha mashtaka na mtetezi, na hukumu husomwa mbele ya mshtakiwa, yaani hakimu anasimama mbele ya kile kiti na kuitazama picha usoni. Gari moja la umeme liliwahi kuhukumiwa kubeba kabeji maisha. Jingine, la kifahari, lilifungwa kifungo cha kuwa matatu ya usiku. Ni mchezo, lakini ukiwaona wanavyoufanya utadhani mbingu inawasubiri watoe uamuzi.

Mwendesha mashtaka alipatikana mara moja, naye ni Lewis. Mtetezi hakupatikana. Nani ajitie aibu ya kuitetea otomatiki?

"Mimi nitatetea," Chepkosgei aliandika kwenye kundi.

Ni Nyakio tu, katibu, mwanamke mwingine wa pekee klabuni, aliyetuma kidole gumba.

Jumapili banda lilijaa. Nyama ilikuwa jikoni, moshi ukizunguka chini ya mabati, na Marenzi imebandikwa kwenye kiti cha plastiki cheupe, inang'aa kama bibi harusi aliyepelekwa kwenye nyumba asiyoijua. Chepkosgei aliingia na Kibii, akaketi upande wa utetezi. Watu walimsalimia kwa uchangamfu mwingi kupita kiasi, ule wa watu waliokuwa wakimsema. Lewis alimpungia mkono kwa mbali.

Tumpe Lewis haki yake: anajua kuongea. Alisimama, akakunja mikono ya shati, akaiangalia picha kwa huzuni kama mume aliyesalitiwa.

"Mheshimiwa hakimu, mimi hii gari nimeipenda kabla nipende bibi yangu. Na yeye anajua." Watu wakacheka. "Lakini wacha niwaulize. Kuendesha ni nini? Ni mguu wa kushoto na mkono wa gia na sikio, vyote vikiongea. Ukitoa clutch, umetoa dereva. Umebaki na abiria ameshika usukani! Wametuambia ni ya track, ni ya watu wanajua kuendesha. Halafu ndani inakubadilishia gia kama mtoto anakatiwa nyama. Haya ni matusi. Sisi Nakuru tunakula vumbi kila mwaka kwa hii mapenzi, na wao wanatuona wajinga!"

Makofi yalipigwa mpaka Gathogo akachungulia kutoka jikoni. Hata Kibii alijikuta akitikisa kichwa kukubali, Chepkosgei akamkanyaga kwa ule mguu usiohisi.

"Utetezi," Mzee Mathenge akasema, akigonga meza kwa spana.

Chepkosgei alisimama. Alikuwa amepanga maneno mengi, lakini hasira ya siku tatu iliyafupisha.

"Hii gari inakimbia kuliko ile ya klachi iliyotangulia," alisema. "Wamepima, uwanja uleule, siku ileile. Kama mapenzi yenu ni kukimbia, hapa mngefurahi. Kwa hivyo mapenzi yenu si kukimbia. Ni kitu kingine. Mimi nataka mtuambie ni kitu gani."

Palikuwa na mguno. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ni heshima." Mwingine akasema, "Ni utamaduni."

Mzee Mathenge hakukawia. Marenzi ilipatikana na hatia, kama walivyokwisha kuamua tangu Alhamisi, na adhabu yake ikawa kusomba maji Bondeni mifereji ikikauka. Watu wakashangilia. Hapo kesi ingekwisha, nyama ingeletwa, na pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini Lewis akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, adhabu pekee haitoshi. Hawa watu wa Ulaya hawasikii kicheko. Mimi naleta hoja. Kuanzia mwaka huu, gari yoyote haina clutch isikanyage Njoro. Tuweke kwa katiba ya klabu. Wajue Nakuru imekataa!"

"Imekataa!" wakaitikia.

Sijui kama umewahi kuona watu wakimpiga jirani kwa fimbo waliyomkatia adui aliye ng'ambo ya bahari. Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ya Ulaya haitajua kamwe kwamba kuna kikundi cha wivu kinaitwa Klabu ya Vumbi. Hoja ile haikuweza kumgusa mtu yeyote duniani isipokuwa mmoja, naye alikuwa ameketi palepale. Mikono ilianza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa wanacheka na kuagiza soda. Chepkosgei aliitazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake ukipigwa misumari na wageni wenye furaha.

"Ngojeni," alisema. "Mimi nakimbia mwaka huu. Niko na gari. Ni auto."

Mikono ilibaki hewani, haijui ishuke au ikae.

"Wewe?" Mzee Mathenge aliuliza, na sauti yake ikawa laini ghafla, ile sauti ya kuzungumza na mgonjwa. "Mami, kwa nini hukusema? Hakuna shida. Wewe tutakutengenezea category yako. Unakimbia peke yako, polepole, watu wanakupigia makofi, tunakupa kikombe. Kikombe kikubwa. Si ndiyo, wazee?"

"Ndiyo! Kabisa!" wote wakasema, na nyuso zao zikajaa wema. Walifurahi sana kupata njia ya kumhurumia.

Hapo damu ilimpanda Chepkosgei mpaka masikioni. Neno kiwete alikuwa amelibeba tangu Alhamisi bila kulia. Lakini kikombe cha kupewa! Kushindana na kivuli chake mwenyewe, apigiwe makofi kama mtoto aliyeimba shairi akasahau beti!

"Kikombe cha kumshinda nani?" aliuliza. "Mzee, mimi nilikuwa nachukua kikombe hapa mkiwa nyote mmekimbia. Leo mnanipa cha huruma? Wekeni kwa bucha, Gathogo atilie supu."

"Chep, usikasirike," Lewis akaingilia, akitabasamu. "Sisi ndio tulikuchangia, unakumbuka? Hakuna mtu hapa hakupendi. Lakini sheria ni sheria. Na pia, kusema ukweli, ile Estima ni ya kwaya. Itaanguka kwa kona ya kwanza, uumie tena, tuanze harambee ingine."

Chepkosgei akamgeukia taratibu.

"Nani amekuambia ni Estima?"

Lewis alianza kukunjua mikono ya shati.

"Mimi nimesema niko na gari ya auto. Sijasema ni gani. Kibii, umemwambia?"

"Sijaambia mtu," Kibii akasema, "hata bibi yangu."

Jikoni nyama ilikuwa ikitoa mafuta kwenye moto. Mwalimu wa hisabati, aliyezoea kuwauliza watoto walipataje jibu, sasa alitakiwa kuonyesha hesabu zake.

"Nilikuwa napita Njoro," alisema hatimaye. "Ile Jumamosi. Nikaona vumbi. Nikasimama tu kuangalia."

"Ukaangalia nini?"

"Nikaangalia."

"Ulinipima," Chepkosgei alisema. Alimjua Lewis. Mtu huyo hupima hata chai inachukua muda gani kuchemka. "Ulitoa simu ukanipima muda. Sivyo?"

Lewis aliisukuma simu yake ndani zaidi ya mfuko, na kila mtu akaelewa alichokubali. Kwa hiyo hakuna Ulaya hapa. Hakuna utamaduni, hakuna mguu wa kushoto na mkono na sikio vikiongea. Hoja ilikuwa imeandaliwa tangu Jumamosi ile, na Marenzi ilipotokea bila klachi, Lewis alipata gunia la kuificha ndani yake.

Chepkosgei aliondoka mahali pake. Alitembea mpaka kwenye kile kiti cha plastiki, akaibandua picha ya Marenzi, akamkabidhi Kibii, na akaketi yeye. Mguu wa bandia aliunyoosha mbele, kiatu kimeelekea kwa hakimu.

"Desturi ya klabu ni hukumu isomwe mbele ya mshtakiwa," alisema. "Mshtakiwa ni mimi. Niko na pedali mbili. Mzee, soma. Niambie sitakimbia, na uniambie kwa nini. Lakini niangalie kwa macho, vile wewe huangalia hizo picha."

Mzee Mathenge alisimama na spana yake. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomponza, kwa sababu siku zote ulikuwa umemwepusha kuangalia. Aliangalia sasa. Aliona mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega ya dereva, uso umekaza, machozi hayapo. Mwishowe akaketi.

"Mimi hiyo siwezi kusoma," alisema. "Lewis, hoja ni yako. Soma wewe."

Watu wote wakamgeukia Lewis. Alipiga hatua moja mbele, akasimama, na lile tabasamu lake likakosa pa kukaa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alipoongea hakuongea na banda tena, aliongea na Chepkosgei tu, kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kitu alichokuwa anakiamini.

"Na ukinishinda?" alisema. "Mbele ya watu wa Njoro wote, na wanafunzi wangu huja kuangalia. Nitasema nini? Nimeshindwa na mama wa mguu mmoja, na gari ya kwaya?"

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajikatiza. Nyakio alikuwa ameweka kalamu chini.

Chepkosgei alikuwa ametayarisha matusi, tangu Alhamisi alikuwa akiyanoa usiku na mchana, na sasa yote yalionekana madogo.

"Utasema umeshindwa," alimwambia. "Halafu utaenda nyumbani, utakula, utalala, na asubuhi utaamka. Lewis, mimi niliamka hospitali nikakuta mguu haupo. Na kesho yake nikaamka tena. Nikaja hapa, nikashika saa, nikakupimia, nikakupigia makofi. Wewe ni nini hiyo huwezi kuvumilia?"

Lewis alitazama chini, kwenye viatu vyake viwili.

Mzee Mathenge alikohoa, akauliza ni nani bado anaunga mkono ile hoja. Mikono iliyokuwa mingi wakati wa soda na vicheko sasa ilikuwa imepata kazi chini ya meza. Hakuna aliyeinua, hata mwenye hoja. Nyakio alichukua kalamu, akaandika jina la Chepkosgei katika kundi moja na wengine wote, akauliza kwa sauti kavu kama kuna mtu mwingine wa kuandikishwa kabla nyama haijapoa.

"Basi," Mzee Mathenge akasema kwa haraka ya mtu anayetaka jambo lifunikwe. "Sasa mpeane mkono, yaishe. Sisi ni familia."

Lewis alinyoosha mkono. Huenda alikuwa amedhamiria kweli. Chepkosgei aliutazama, akainuka kutoka kwenye kile kiti, na hakuugusa.

"Yataisha Njoro," alisema. "Leo bado nimekasirika."

Akaenda akaketi karibu na Nyakio, akavuta sinia la nyama upande wake, akaanza kula.